Fimbo ya Pili Haikuingia Pichani

New Hope, Minnesota
9 Machi 1996

Mdogo wangu Generosa,

Kosa la watu wengi wanapomwona mtu ameshika fimbo ni kuitazama fimbo. Wewe umelifanya, Mama Godlisten amelifanya, na mimi nililifanya siku ya kwanza binti yako Victoria aliponipeleka kutazama mazoezi yao. Macho hukimbilia ncha, kwa sababu ndiyo inayotembea kwa kasi. Kumbe wa kutazamwa ni mkono ulioishika, na baada ya huo, mkono wa pili ambao haukushika kitu.

Nimetanguliza somo mbele ya salamu. Utanisamehe, nimefundisha jometri miaka mingi na mdomo umezoea. Hujambo? Migomba haijambo? Huku theluji bado imelala uani kama gunia la unga lililopasuka.

Barua yako nimeipata. Ilikuwa fupi kama telegramu: “Kaka, Victoria anampiga mchumba wake kwa fimbo. Picha nimeiona kwa Mama Godlisten kwa macho yangu. Wazee wa upande wao wameahirisha kuleta mbege ya posa. Fanya kitu.” Nimeelewa uzito wake. Bila pombe hiyo ya ndizi hakuna posa, na bila posa hakuna arusi ya Desemba. Basi nafanya kitu, nacho ni kukueleza.

Kile ulichokiona ni mchezo wa kujihami wa Wafilipino. Wengine wanauita arnis, wengine eskrima, wengine kali. Victoria na mchumba wake Godlisten wanajifunza Jumamosi asubuhi huko Maplewood, kwenye banda la gari la mzee mmoja anayeitwa Doroteo. Wote wanamwita Manong, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwao. Hata mimi namwita hivyo, ingawa nadhani namzidi umri.

Sasa sikiliza tofauti iliyopo. Ukienda kujifunza karate au judo, unaanza mikono mitupu. Unasujudu, unapiga hewa, unapanda daraja kwa daraja, na silaha, kama ipo, unapewa mwishoni kama zawadi ya mtu mzima. Wafilipino wameigeuza ngazi hiyo juu chini. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujajua kusimama vizuri, unakabidhiwa fimbo ya henzirani. Mikono mitupu inakuja baadaye. Manong anasema sababu ni nyepesi: kwao mtu alikuwa anatoka shambani na panga mkononi, hivyo shari ikimkuta inamkuta na panga. Kwa nini afundishwe kwanza kana kwamba hana?

La pili, hawana mtindo mmoja wa fimbo, mwingine wa kisu na mwingine wa ngumi. Mwendo ni uleule. Wanahesabu pembe ambazo pigo linatokea, na ukishaijua pembe, hujali kinachokuja ni fimbo, kisu au kofi. Hapo ndipo waliponinasa, mzee wa jometri.

La tatu, hawakimbilii kichwa. Wanapiga mkono ulioshika silaha, ili silaha ianguke na ugomvi uishe.

Na kuhusu picha: aliyeipiga ni kijana wa Kikenya, Gitonga, mwenzao wa mazoezi, fundi hodari wa kila kitu isipokuwa kamera. Godlisten naye alikuwa na fimbo yake, ameiinua kuzuia. Gitonga aliikata pembeni. Nilimlaumu, akanijibu, “Mzee, relax. Mimi nili-focus na huyu dem vile ana-swing. Boyfriend ni background tu.”

Hivyo hakuna aliyepigwa. Mweleze Mama Godlisten.

Kaka yako,
Damas


Kibosho
2 Aprili 1996

Kaka Damas, shikamoo.

Barua yako imefika na imeharibu kila kitu.

Niliisoma peke yangu nikaelewa nusu. Nikasema, maelezo ya msomi yatamtuliza mwenzangu, nikavuka mfereji nikamsomea Mama Godlisten kwa sauti. Nilipofika pale kwenye kupiga mkono, akanishika goti.

“Rudia hapo, Mama Vicky.”

Nikarudia.

“Kwa hiyo kichwa wanakiacha, wanavunja vidole.”

“Ni mazoezi tu, mama.”

“Vidole vya nani?”

“Kaka anasema vya mwenye silaha.”

“Na huyo kaka yako amesema mwanangu naye alikuwa na silaha, ila haikuingia pichani!”

Unaona, profesa wa New Hope? Ulimtetea Victoria kwa kumpa Godlisten fimbo, na fimbo hiyohiyo ndiyo imemfanya apigwe. Halafu ukaongeza kwamba mwendo wa fimbo ndio mwendo wa kisu. Hapo alivua miwani kabisa. “Na siku ya arusi,” akaniuliza polepole, “ndafu atakata nani? Huyo mbuzi mzima ataletwa mezani, bibi arusi atakabidhiwa kisu, na mwanangu amesimama ubavuni mwake anatabasamu? Mimi kisu hicho siwezi kukitoa.”

Nilicheka, kaka. Hilo ndilo kosa langu. Nilicheka, naye hakucheka.

Kuna jambo jingine pia linalomkaa kooni, lakini halisemi. Nikimuuliza Godlisten anaendeleaje na Jumamosi zake huko, anajibu, “Anaimba kwaya,” kisha anatazama migomba. Mtu anayetajiwa mwanawe na kwaya katika sentensi moja anapaswa kufurahi, hasa yeye, mwenyekiti wa kwaya ya usharika wao.

Wazee hawaji. Nimeambiwa kwa adabu kwamba “ndizi za mbege hazijaiva.” Kaka, ndizi zimeiva mpaka ndege wanazigombania. Mwambie mtoto ayaweke chini mafimbo hayo, aniandikie kwamba ameacha, nimpelekee mama mkwe wake barua yenyewe. Sitaki jometri. Nataka mbege.

Mvua za masika zimeanza vizuri.

Mdogo wako,
Generosa


Bloomington
13 Aprili 1996

Mzee Damas, shikamoo.

Nimekuta sauti yako kwenye mashine ya simu, na nimeona haya kukupigia, ndiyo maana naandika. Mimi kazini pale hotelini nikiwa na mahesabu ya mwezi ni jasiri, lakini kwa jambo hili nimekuwa mwoga kama kuku.

Victoria ameniambia umemweleza mama yake kwamba nami nilikuwa na fimbo. Mzee, ni kweli, lakini umeniweka pabaya. Mimi ndiye niliyeanza. Manong Doroteo ni baba mkwe wa mwenzangu wa kazi, na nilikuwa nakwenda kwake miezi mingi kabla ya Victoria. Yeye alikuja siku moja kunichukua kwa gari, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akitazama. Jumamosi iliyofuata akaomba fimbo. Sasa ananishinda. Gitonga ananiambia, “Bro, huyu atakumaliza kabla ya harusi,” na mimi nasema kheri anifundishe kabla ya kunimaliza.

Tatizo ni mama. Alinilea kwa neno moja: usipigane. Nikashindwa kumwambia Jumamosi zangu nazitumia wapi, nikasema niko kwaya. Ile picha sikukusudia imfikie, ilichanganyika na picha za ubatizo wa mtoto wa jirani nilizomtumia. Nikisema ukweli leo, atajua nilimdanganya kuhusu kwaya, na kwake hilo ni kubwa kuliko fimbo.

Naomba, kama inawezekana, uendelee kueleza kwamba ni mambo ya Victoria. Yeye amekubali kubeba lawama. Ila amesema atabeba mpaka mwezi wa sita tu, baada ya hapo ataniangusha.

Wako mtiifu,
Godlisten


New Hope
20 Aprili 1996

Mdogo wangu Generosa,

Nimekubali, maelezo yangu yalikuwa mazuri na hayakufaa. Nilimpelekea Manong habari zote, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: “Unawaeleza kwa nini? Nani amewahi kujifunza kitu hiki kwa kuelezwa? Wape fimbo.”

Amesema kweli. Nilikwambia mimi mwenyewe kwamba kwao silaha ni somo la siku ya kwanza, halafu nikakufundisha kwa njia ya karate, nadharia mbele. Basi tuanze upya.

Lakini kwanza kuhusu Victoria. Sitamwambia aache. Mwezi uliopita, mchana, akiwa kwenye zamu yake ya uuguzi, mgonjwa mmoja mzee aliyechanganyikiwa alimkamata kifundo cha mkono akakaza. Wauguzi wengine hupiga kelele, au hung'ang'ania kuvuta. Victoria aliuacha mkono ule uliokamatwa, akatumia wa pili kusukuma kidole gumba cha mzee kwa pembe inayostahili, mkono ukatoka. Hakumwumiza. Akamfunika blanketi, akaenda kunywa chai. Hilo ndilo nililojaribu kulieleza niliposema wa kutazamwa ni mkono ambao haukushika kitu. Katika michezo mingi mkono wa pili unangoja zamu yake. Katika mchezo huu haungoji. Unasukuma, unazuia, unashika, muda wote unafanya kazi kama mkono wa kushoto wa mama anayesonga ugali, unaoizuia sufuria isiteleze.

Sasa kazi yenu. Wana zoezi linaloitwa sinawali. Maana yake ni kusuka, kama kuta za nyumba za kwao zinavyosukwa. Watu wawili, kila mmoja na fimbo mbili, wanasimama wakitazamana na kugonganisha fimbo kwa mpango mmoja, juu, chini, juu, upande mmoja kisha wa pili, mpaka fimbo nne zinakuwa mkeka. Hakuna mshindi. Ukitaka kumpiga mwenzako, mkeka unafumuka. Ukitaka kumwogopa, unafumuka vilevile. Hili halipo katika ndondi, Generosa. Katika ndondi mwenzako ndiye shida yako. Hapa bila yeye huna pa kuanzia.

Kateni fimbo za mkahawa, zile mnazopogoa, urefu wa mkono kutoka kwapani. Mwite Mama Godlisten uani. Mwambie ni mazoezi ya viungo kwa ajili ya baridi ya masika, si uongo. Wewe anza na fimbo ya kulia, pigo la juu. Yeye awe kama kioo chako, aanze na ile inayoielekea. Polepole.

Kuhusu kwaya, hilo si langu kulisema. Nimempelekea mwenyewe karatasi na stempu, na nimemkumbusha kwamba mwezi wa sita hauko mbali. Yeye atanielewa.

Kaka yako,
Damas


Kibosho
26 Mei 1996

Kaka Damas, shikamoo, ingawa ningeweza kuinyima leo.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa sina la kukuambia lisilo na hasira. Sasa ninalo, na ni refu. Kaa kitini.

Nilikata fimbo nne. Mama Godlisten alikuja baada ya ibada, bado na kitenge chake kizuri, akasema, “Haya, nioneshe huo uuaji.” Tukasimama nyuma ya jiko ili watoto wa jirani wasituone, na bila shaka walituona wote. Nilimsomea maelekezo yako. Kulia kwangu juu, yeye kama kioo. Pigo la kwanza, fimbo hazikukutana. La pili, hazikukutana. Akasema, “Huu mkeka una mashimo.” Nikasema, “Tuongeze kasi kidogo, labda zinakutana mbele.” La tatu, yangu ilikutana na kidole chake cha shahada.

Kaka, kilivimba kama ndizi mshale. Akakitazama, akanitazama. “Nilikuwa nadhani ni binti tu,” akasema. “Kumbe ni ukoo.” Akavuka mfereji na fimbo zake zote mbili, sijui kwa nini alizichukua, na Jumapili mbili hakunisalimu.

Nilijua arusi imekufa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulala vizuri. Mwisho nikafanya kile ambacho mama yetu angefanya tangu siku ya kwanza, siku ile ya picha, kabla ya kumwandikia mtu yeyote Amerika. Nilikwenda mpakani mwa shamba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwake. Unajua mwenyewe: ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama umeapa.

Alikuwa amekaa barazani akichambua maharage kwa mkono mmoja. Nikalinyoosha jani. Naye akanyoosha mkono wa kushoto.

“Usinione sina adabu,” akasema. “Wa kulia umeuharibu wewe. Huu ndio ulio huru.”

Nikamtazama. Naye akawa ananitazama. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Kumbe barua yako ya kwanza, pamoja na ule mkono usioshika kitu, ilimkaa kichwani neno kwa neno!

Ngoja, haijaisha. Akaingia ndani, akatoka na barua ya Godlisten iliyofika siku zile. Mtoto ameungama: haimbi kwaya yoyote, ni yeye aliyeanza fimbo, na Victoria alimfuata. Nikangoja mama alie. Akasema, “Nilijua haimbi. Mimi ndiye niliyemtoa kwaya ya watoto, Mama Vicky. Alikuwa anawapoteza wenzake. Mtu aniambie mwanangu anaimba, Amerika au mbinguni, najua anaficha kitu. Nilidhani ana mwanamke wa pili, na Victoria amejua, ndiyo maana anamtandika! Nilikuwa nangoja nione kama binti ataondoka mwenyewe, tusije tukamletea mbege ya bure.”

Ndilo lililokuwa linamkaa kooni muda wote. Fimbo ilikuwa nafuu.

Nikamuuliza, “Na vidole vya Godlisten?” Akainua kidole chake, bado kina kitambaa. “Kinakaribia kupona. Vya kwake vitapona.”

Wazee walikuja Jumamosi iliyopita na mbege, mitungi miwili. Ndizi ziliiva kwa ghafla ajabu. Amesema pia, na nimetumwa niandike hivi: kisu cha ndafu atakishika Victoria, kwa sababu Godlisten atakata kama anavyoimba.

Kwa hiyo kila kitu kimekwenda vizuri. Sasa nijibu swali moja, profesa. Kwa nini fimbo hazikukutana? Mwenzangu anataka kujua. Anasema huwezi kumpiga mtu kidole halafu usimalizie somo.

Mdogo wako,
Generosa


New Hope
15 Juni 1996

Mdogo wangu Generosa, na Mama Godlisten ambaye najua anasikiliza,

Niliisoma barua yenu bandani, mbele ya wote. Godlisten alifunika uso kwa taulo kuanzia kwenye kwaya ya watoto hadi mwisho. Gitonga alimtaka aimbe ubeti mmoja kama ushahidi. Victoria akamzuia, akasema amekubali kuolewa na Godlisten bila huo. Anawasalimu sana. Alikuwa anakaribia kumwangusha, kama alivyoahidi, na amefurahi kwamba hakulazimika.

Sasa fimbo. Kosa ni langu. Niliandika “kama kioo.” Kwenye kioo, mkono wako wa kulia unakutazama ukiwa wa kushoto. Mkianza hivyo, fimbo zote mbili zinatoka upande mmoja na kwenda upande mmoja, kama watu wawili wanaopishana njiani kila mmoja akimpisha mwenzake. Hazitakutana kamwe, na zikizidi kasi zinatafuta vidole. Nilimwonesha Manong maelekezo niliyowaandikia. Alichukua fimbo, akasimama mbele yangu, akafanya nilivyoandika, nami nikaondoa kidole changu kwa wakati.

Njia sahihi ni hii: kila mtu mkono wake. Kulia kwako kunakutana na kulia kwake, fimbo zinapishana katikati kama herufi X. Kushoto kwako na kushoto kwake. Msiwe kioo cha mtu mwingine. Muwe watu wawili wanaofanya jambo lilelile kila mmoja kwa upande wake. Hapo ndipo mkeka unaposukika, na mtausikia kabla ya kuuona, kwa sababu mlio unakuwa mmoja.

Manong amependa sana habari za isale. Aliniuliza jani hilo linaota wapi, nikamwambia mpakani. Akauliza, “Yaani kinachotenganisha mashamba ndicho mnachopelekeana mkikosana?” Nikamwambia ndiyo. Akakaa nalo siku nzima. Jioni akaniambia ataliweka kwenye mafunzo, baada ya kuvunjika fimbo na kabla ya chai.

Na kwa kuwa kidole cha kulia cha Mama Godlisten bado hakijanyooka, hilo si kikwazo. Mkono wa kushoto ndio ambao watu wengi huuacha nyuma, na nyinyi mna sababu nzuri ya kuutanguliza.

Kunja barua hii, Generosa, kakate fimbo mpya za mkahawa, uvuke mfereji leo hii, mwanze kwa mkono wa kushoto.

Kaka yako,
Damas